Mizinga miwili nyuma ya nyumba: uchambuzi wa kisa kimoja cha Newala

Kisa ninachokichambua hapa ni cha kaya moja ya pembezoni mwa mji wa Newala, mkoani Mtwara, iliyoamua kufuga nyuki nyumbani kwa kuanza na mizinga miwili. Mume ni mwalimu mstaafu. Mkewe ndiye msimamizi wa mikorosho ya familia na ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya fedha. Majina yao nayaacha, ingawa wao wenyewe wameridhia habari zao ziandikwe ili ziwasaidie wengine. Mimi niliitwa mambo yalipokwisha kuharibika, nikafuatilia kila hatua pamoja nao na pamoja na majirani, na kwa kuwa wote walikuwa wakweli, imewezekana kuonyesha sababu moja ilivyozaa nyingine.

Wengi waliosikia habari hii mtaani walisema wale wazee walishindwa kwa sababu hawakusomea. Sikubaliani nao. Walikuwa wamehudhuria mafunzo, walikuwa na mavazi ya kinga na bomba la moshi, na walijua kutofautisha sega la asali na sega la majana, yaani watoto wa nyuki ambao hawajakomaa. Kilichowakwaza ni kwamba walipanga kila kitu kilichomo ndani ya uwanja wao na hawakupanga lolote nje ya uwanja huo, ilhali nyuki hutafuta chakula umbali wa kilomita tatu hivi kutoka mzingani, na hata zaidi pale maua yanapokuwa haba. Duara lenye nusu kipenyo cha kilomita tatu lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 28, yaani karibu hekta 2,800. Uwanja wa kaya hii haufiki ekari moja. Kila mzinga unaoletwa nyumbani, kwa hiyo, unaingia katika mikorosho, visima, ndoo na zizi za watu ambao hawakuulizwa.

Ni vizuri kukumbuka kwamba ufugaji wa nyuki si jambo geni kusini. Nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa katika bandari za pwani hii tangu zamani, na hadi leo asali ya Liwale, mkoani Lindi, inasifiwa kwa kuwa inatoka kwenye misitu mikubwa. Lakini wazee wa kazi hiyo walitundika mizinga ya magome na magogo porini, mbali na makazi, wakaifuata wakati wa kurina. Jambo jipya ni kuuleta mzinga nyumbani. Nyuki wetu wa pwani na wa nyanda za jirani ni wakali kuliko nyuki wa Ulaya, ni wepesi wa kuhama wanapokerwa, na wanapochokozwa hufuata mtu kwa umbali mrefu. Vitabu vinavyomwonyesha mtu akifungua mzinga kandokando ya bustani yake ya maua havikuandikwa kwa ajili ya nyuki hawa.

Mizinga yenyewe ilitengenezwa mwezi Juni na seremala wa mjini, kwa mfano wa mzinga wa viunzi vya juu: sanduku lenye mbavu za mshazari, ambalo juu yake hulazwa viunzi vya mbao vinavyogusana, na kila kiunzi hubeba sega lake. Ni mzinga unaofaa sana kwa anayeanza, kwa kuwa mtu anaweza kuinua sega moja bila kuyavunja mengine. Faida hiyo, hata hivyo, inategemea kipimo kimoja, nacho ni upana wa kiunzi. Kwa nyuki wetu upana huo unatakiwa kuwa milimita 32 au 33, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi wanayoiacha wenyewe kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega la pili. Seremala, kwa nia njema kabisa, aliona vipande hivyo ni vyembamba mno akavitengeneza kwa milimita 40 ili viwe imara. Hakuna aliyepima. Nyuki walipoanza kujenga, masega mawili ya kwanza yalifuata viunzi, la tatu likapinda, na yaliyofuata yakavuka kutoka kiunzi hadi kiunzi, hata mzinga ukawa hauwezi kufunguliwa bila kukata. Namwomba kila anayeagiza mizinga aende kwa fundi na rula mkononi, apime kiunzi cha kwanza kabla vingine havijakatwa.

Mzinga mmoja ulibaki mtupu, ukapakwa nta ya kuyeyushwa kwenye viunzi kama chambo, ukatundikwa kwa waya kwenye mwembe nyuma ya jiko. Kwa mzinga wa pili, mwalimu hakutaka kusubiri. Alikwenda kwa mfugaji mmoja wa bonde la Kitangari, akanunua kundi lililokwisha kukaa katika mzinga wa aina hiyohiyo, akaliacha sanduku lake jipya kwa muuzaji kama sehemu ya malipo. Mzinga ulifungwa usiku kwa wavu wa chuma mlangoni, baada ya nyuki wote kuingia, ukapandishwa mlima juu ya pikipiki ya magurudumu matatu.

Safari hiyo ilikuwa na kasoro moja tu, nayo inastahili kutajwa kwa kuwa hurudiwa mara nyingi. Mzinga uliwekwa ukikingama, hata masega yakawa yanayumba mbele na nyuma kila chombo kilipopanda au kufunga breki. Masega ya viunzi vya juu hayana fremu. Yananing'inia kwa upande wa juu peke yake, na yakiwa mapya na mazito kwa asali hukatika upesi. Yanapaswa kuelekea uelekeo wa safari. Masega mawili yalianguka njiani, lakini malkia alinusurika na kundi likatulia, na kwa majuma kadhaa yaliyofuata wenyeji walikuwa na kila sababu ya kufurahi. Mwishoni mwa Julai kundi jingine lilijiingiza lenyewe katika mzinga wa kwenye mwembe. Wakati huo mikorosho na miembe ilikuwa imeanza kuchanua, na kundi linalotafuta makao hupenda sanduku kavu lenye harufu ya nta.

Mizinga yote miwili sasa ilikuwa na nyuki, na yote ilikuwa hatua chache kutoka jikoni. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuiweka manzuki, yaani mahali pa mizinga, mita 200 au zaidi kutoka kwenye nyumba, njia na mazizi. Mwalimu aliujua. Aliniambia kwamba aliiweka karibu kwa kuogopa wezi wa asali, na hofu hiyo si ya kudharau, kwa kuwa mzinga unaoachwa mbali bila mlinzi mara nyingi hurinwa na mtu mwingine.

Tatizo la kwanza lilikuwa maji. Anayeifahamu nyanda ya Makonde, ambayo Newala iko juu yake, hataona ajabu. Udongo wa kichanga wa juu ya nyanda hunywa mvua yote, mito haipo, chemchemi zipo chini kwenye mabonde, na ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde, wa kuyapandisha kwa mitambo kutoka bondeni, ulianza tangu enzi za mkoloni. Mwezi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha miezi kadhaa nyuma, maji ya nyumba nyingi ni ya ndoo na mapipa, na mengi ni ya kununua. Nyuki nao wanahitaji maji, kwa kuwa wanayatumia kuchanganya asali nzito wanapolisha majana na kuyatandaza ndani ya mzinga ili mvuke wake upoze masega; kundi kubwa katika joto kali huweza kutumia kiasi kinachofikia lita moja kwa siku. Kwa mwalimu hapakuwa na birika la nyuki. Wakayakuta maji kwa jirani wa upande wa mashariki, mama anayeuza vitumbua, ambaye huacha ndoo zake wazi alfajiri anapoosha vyombo.

Mama huyo alivumilia siku nyingi kabla ya kusema. Alipokwenda, alimwamkia mwalimu shikamoo, akaketi, akasema kwa upole: "Mwalimu, nyuki wako wanakunywa maji niliyoyanunua, na wajukuu zangu wanaogopa kuchota." Mjukuu mmoja alikuwa ameumwa mkononi. Bibi yake alifanya sawasawa, akaukwangua mwiba kwa ukucha papo hapo, kwa sababu mwiba wa nyuki hubaki na kifuko chake cha sumu na huendelea kusukuma kwa muda. Mkono ulivimba, ukapona. Hapa natoa tahadhari kwa uzito wote: uvimbe wa mahali palipoumwa ni jambo la kawaida, lakini mtu akivimba midomo au uso, akatoka vipele mwili mzima, akahema kwa shida au akaishiwa nguvu, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dawa za nyumbani, kwa maana kuna watu ambao miili yao hupokea sumu hiyo vibaya hata kwa mwiba mmoja.

Siku ileile mke wa mwalimu alitoa karai, akaweka mawe na vijiti ili nyuki watue bila kuzama, akalijaza maji. Halikusaidia sana. Nyuki wakishazoea chanzo cha maji huendelea kukirudia maadamu hakijakauka, na walio mzingani huelekezwa hukohuko na wenzao. Karai lilelile lingekuwa limetoa matokeo tofauti kama lingekuwapo siku mzinga ulipofika, kabla nyuki hawajatoka kuijua nchi. Kazi ya dakika chache ilifanyika mwezi mmoja baadaye kuliko ilivyopaswa, ikapoteza karibu thamani yake yote. Hatimaye ilibidi mama wa vitumbua afunike ndoo zake kwa vitambaa kwa siku nyingi mfululizo, jambo alilolifanya kwa hisani yake.

Tukio la mbuzi ndilo lililotangaza habari hii mtaa mzima. Mwanzoni mwa Septemba mwalimu alitaka kuukagua mzinga wa mwembeni, uliokuwa na viunzi vya milimita 40. Aliufungua saa tisa alasiri, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri gizani, na akafukiza moshi kidogo. Kiunzi cha tatu hakikutoka. Alipokivuta, masega yaliyounganishwa yalipasuka, majana yakasagika na asali ikatiririka. Nyuki akiuma au akipondwa hutoa harufu, inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wengine kuuma mahali palepale, na ndani ya muda mfupi mwalimu alilazimika kukimbilia ndani ya nyumba. Mavazi yalimkinga yeye. Mbuzi wa jirani wa upande wa kusini alikuwa amefungwa kamba kwenye kisiki karibu na mpaka. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia, na kadiri anavyopiga mateke ndivyo anavyowavuta nyuki zaidi. Alikufa kabla ya magharibi.

Mwalimu alilipa mbuzi huyo bila kubishana, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na nadhani kitendo hicho ndicho kilichookoa uwezekano wa yeye kuendelea kufuga. Lakini tukitazama mnyororo wa sababu, kifo cha mbuzi kilianza kwa seremala, kikapita kwenye saa iliyochaguliwa, kikaishia kwenye kamba ambayo mwenye mbuzi angeifungua kama angeambiwa. Kazi ya kufungua mzinga wa nyuki wetu hufanywa jioni jua linapotua, moshi ukiwa umetangulia mlangoni kwa dakika chache, na majirani wakiwa na habari. Anayeshindwa kuona jioni atafute kijana wa kumshikia taa yenye mwanga mwekundu, ambao nyuki hawauoni.

Hasara kubwa kuliko zote haikupigiwa kelele na mtu yeyote. Katikati ya Septemba, asubuhi moja, mke wa mwalimu alikuta nyuki wengi wamekufa mbele ya mzinga ulioletwa kutoka Kitangari, wengine wakizunguka chini kwa kutetemeka, ndimi zikiwa nje. Kwa siku mbili walidhani ni ugonjwa. Mimi nilipoelezwa nikauliza kwanza nani alikuwa amepulizia dawa, na jibu likapatikana kwa jirani wa tatu, mwenye mikorosho mingi upande wa magharibi, aliyekuwa amekodi vijana wa kumpulizia.

Hapa panahitaji maelezo ya taratibu, kwa sababu wafugaji wapya wa mkoa huu huilaumu salfa kwa kila kitu. Ubwiri unga ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia machipukizi na maua ya mkorosho, na salfa ya unga hupulizwa kwa mashine alfajiri, umande ukiwapo na upepo ukiwa umetulia, kwa raundi kadhaa katika msimu. Salfa inaweza kuwakera nyuki na kuwafukuza kwenye maua kwa muda, lakini haiwaui kwa wingi namna ile. Kiuaji ni dawa ya wadudu. Mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na kuyakausha, hupigwa kwa viuadudu vya maji, na vilivyo vingi madukani, hasa vya kundi la pairethroidi, ni sumu kali kwa nyuki. Vijana wale walianza kazi saa tatu asubuhi, wakaendelea hadi adhuhuri, saa ambazo maua ya mkorosho yanakuwa yamefunguka na nyuki wamejaa juu yake.

Mwenye shamba alisikitika kweli. Alisema angejua angepiga simu, na mimi namwamini, kwa sababu yeye mwenyewe ana faida katika uhai wa nyuki hao: chavua ya mkorosho inanata, upepo hauibebi vya kutosha, na wadudu ndio wanaoihamisha kutoka ua hadi ua. Lakini hakujua kwamba kuna mizinga, na mwalimu hakujua kwamba kuna ratiba ya kupulizia. Kati ya nyumba zao pana umbali wa kutembea wa dakika kumi. Kama wangezungumza, dawa ingeweza kupigwa jioni nyuki wakiwa wamerudi, ikakauka usiku. Au, kama jioni isingewezekana, milango ya mizinga ingefungwa kwa wavu usiku wa kuamkia siku hiyo na mizinga kufunikwa gunia lililolowa hadi alasiri. Njia hii ya pili ni ya siku moja tu. Kundi likifungiwa siku nyingi katika joto la hapa, nta hulainika, masega hudondoka na nyuki hufa kwa kukosa hewa.

Kundi la Kitangari halikupona. Nyuki waliokomaa, ambao ndio wachumaji, walikuwa wamekwisha. Waliobaki hawakutosha kuyafunika majana wala kuulinda mlango, na mwanzoni mwa Oktoba waliondoka, wakiacha masega ambayo nondo wa nta waliyavamia ndani ya siku chache.

Ulibaki mzinga wa mwembeni, ule mkali, na mtaa ulitaka uondolewe. Mwalimu alipendekeza kuusogeza hadi mwisho wa shamba lake la mikorosho, mita kama 400 kutoka nyumbani. Nilimshauri asifanye hivyo moja kwa moja. Nyuki mchumaji hukariri mahali pa mzinga. Ukiusogeza mita mia chache, hutoka asubuhi, huchuma, kisha hurudi kwenye mwembe uleule na kukuta patupu, na maelfu ya nyuki wenye hasira kwenye mwembe wa nyuma ya jiko ndicho kitu ambacho familia hii haikukihitaji tena. Mzinga husogezwa hatua ndogo ndogo, isiyozidi mita moja kwa mara, au hupelekwa mbali kupita upeo wa kuruka, zaidi ya kilomita tatu, ukakaa huko majuma matatu au zaidi hadi wachumaji wa zamani wabadilishwe na wapya. Walichagua njia ya pili. Shemeji wa mwalimu ana shamba chini ya mteremko, kwenye miti ya asili na karibu na chemchemi, na mzinga ulipelekwa huko usiku, safari hii masega yakielekea njiani. Ulitundikwa kwa waya uliopakwa grisi, dhidi ya siafu na nyegere, na ulipotulia viunzi vilibadilishwa kimoja kimoja kwa vya milimita 32. Walikubaliana ubaki hukohuko, na shemeji apate sehemu ya asali kwa ulinzi wake. Hofu ya wezi, ambayo ndiyo iliyoleta mizinga jikoni, ilipata jibu katika makubaliano ya kindugu.

Nyumbani, mke wa mwalimu hakutaka kukaa bila nyuki. Amepata kigogo chenye nyuki wadogo wasiouma, waliotolewa kwenye mti ulioangushwa wakati wa kusafisha shamba, na amekiweka chini ya upenu wa nyumba. Asali yao ni kidogo sana ikilinganishwa na ya nyuki wakubwa, huwekwa katika vijungu vya nta na utomvu badala ya masega, ladha yake ina uchachu, na hununuliwa kwa bei ya juu. Hawamdhuru mtoto wala mbuzi. Kwa nyumba iliyozungukwa na nyumba nyingine, huo ndio ufugaji ninaoupendekeza kwanza, na ningependa afisa nyuki wa kila halmashauri autangaze kwa bidii ileile inayotumika kugawa mizinga ya masanduku.

Viuadudu, hata hivyo, vinawaua nyuki wadogo vilevile. Mwalimu amekwenda kwa mwenye mikorosho wa magharibi, wamebadilishana namba za simu, na msimu huu alipata taarifa jioni ya kuamkia siku ya kupulizia. Mashamba mengine mawili yaliyo ndani ya upeo wa nyuki hao yanamilikiwa na watu wanaoishi Dar es Salaam na kusimamiwa na vibarua wanaobadilika kila mwaka. Huko bado hajapata wa kuzungumza naye, na mikorosho yao itaanza kuchanua mwezi Juni.